Cessna 172N au Piper Warrior II: anza na mafuta, rangi baadaye

Wanaotafuta ndege ya kwanza ya injini moja, iwe ya kumiliki peke yao au ya kuchangia watu wanne watano, wengi huishia kwenye majina mawili: Cessna 172 na Piper PA-28, ambayo toleo lake moja ndilo Warrior. Kuanzia hapo mjadala unahamia pembeni. Bawa juu au bawa chini, mlango mmoja au miwili, ipi ina kivuli cha kujikinga jua mkisubiri abiria. Mimi naona swali la kwanza liwe hili: siku injini ya ndege hii ikizima hewani, itakuwa imezima kwa sababu gani, na je, sababu hiyo inafanana na tabia zako?

Maana injini hizi hazizimi ovyo. Lycoming O-320, ambayo imo katika ndege zote mbili ninazozilinganisha hapa, ni chuma cha kazi. Kinachoizimisha mara nyingi ni kukosa cha kuchoma. Mwaka 2017 NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, ilitoa tahadhari kuhusu jambo hili baada ya kupitia ajali za ndege ndogo za miaka 2011 hadi 2015. Kwa wastani zaidi ya ajali 50 kila mwaka zilitokana na mafuta kusimamiwa vibaya. Kasoro za vifaa hazikufika hata asilimia 5. Kwingine kote mkono wa mtu ulikuwamo. Na usidhani ni wanafunzi. Wanafunzi walikuwa asilimia 2, ilhali karibu nusu ya marubani waliohusika walikuwa na leseni za kibiashara au za mashirika ya ndege.

Ndani ya tahadhari ile kuna mgawanyo mmoja ambao ndio unaotenganisha ndege hizi mbili. Asilimia 56 ya ajali zile zilikuwa za kuishiwa: matangi yote makavu. Asilimia 35 zilikuwa za kukatiwa: mafuta yamo ndani ya ndege, injini inakufa kwa kiu. Cessna 172 imeundwa kwa namna inayofanya kukatiwa kuwe kugumu, lakini inamrahisishia rubani kuishiwa. Warrior ni kinyume chake kabisa. Ukilielewa hilo, nusu ya uamuzi umeshafanyika.

Nimechagua matoleo mawili ya rika moja ili ulinganisho uwe wa haki: Cessna 172N, iliyotoka kiwandani mwishoni mwa miaka ya 1970, na Piper PA-28-161, yaani Warrior II, iliyoanza miaka hiyohiyo.

| | Cessna 172N | Warrior II |
|---|---|---|
| Injini | O-320-H2AD, hp 160 | O-320-D3G, hp 160 |
| Mafuta yanayotumika (matangi ya kawaida) | lita 151 | lita 182 |
| Yanafikaje kwenye injini | yanashuka yenyewe | pampu ya injini, na ya umeme kama akiba |
| Valvu ya tangi | kushoto, yote mawili, kulia, kuzima | kushoto, kulia, kuzima |
| Ilipo valvu | sakafuni, katikati ya viti | ukutani, kando ya mguu wa kushoto wa rubani |
| Kasi ya kuelea injini ikizima (noti ni maili za baharini kwa saa) | noti 65 | noti 73 |

Mafuta yanavyosafiri

Kwenye Cessna matangi yako juu ya kichwa chako. Mafuta yanashuka kwa uzito wake hadi kwenye kabureta, hakuna pampu ya kuharibika, na valvu ikiwa kwenye "yote mawili" injini inakunywa kushoto na kulia kwa pamoja. Rubani anaweza kuruka kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, hadi Malindi bila kugusa valvu hata mara moja. Mara nyingi tangi moja hushuka haraka kuliko jingine, wageni wa ndege hii hushtuka, lakini si ugonjwa.

Kwenye Warrior matangi yako chini ya usawa wa injini, hivyo mafuta lazima yavutwe. Hapo ndipo linapokuja swali ambalo kila mtu huuliza: kwa nini Piper hawakuweka "yote mawili"? Kwa sababu tangi moja likikauka kabla ya jingine, pampu ingevuta hewa badala ya mafuta, kama mtu anayenyonya soda kwa mrija uliotoboka. Basi wakaacha kazi hiyo kwa rubani: nusu saa ya kwanza tangi hili, kisha lile, kisha kubadilishana kila baada ya saa moja au kadiri utakavyojipangia, ili mabawa yasielemee upande.

Kazi hiyo si ngumu. Ugumu ni kuikumbuka siku ambayo mnara unakuita, abiria anatapika, na wingu limekaa mbele yako. Rubani wa Warrior anayekatiwa mafuta kwa kawaida ana lita hamsini, sitini, zimetulia kwenye bawa la pili. Kitabu cha ndege chenyewe kinaonya kwamba ukilikausha tangi kisha ukabadilisha, nguvu inaweza kuchelewa kurudi hadi sekunde kumi, kwa kuwa mabomba matupu yanahitaji kujaa kwanza. Sekunde kumi ukiwa futi 5,000 ni mshtuko tu. Ukiwa futi 400 unakaribia kutua, katika sekunde hizo ndege imeshapoteza futi mia na zaidi, na bado hujajua kama injini itarudi.

Kuna kosa jingine la marubani wa Piper ambalo wakufunzi hulikemea sana: kubadilisha tangi dakika ya mwisho kabla ya kuruka. Mafuta yaliyobaki ndani ya bomba yanatosha kukufikisha mwisho wa njia ya kurukia na kukuinua. Kama tangi ulilohamia lina maji, au kishikio hakikukaa sawasawa mahali pake, utajua ukiwa juu ya mapaa ya watu. Pasha injini na uijaribu kwa tangi lilelile utakalorukia.

Cessna nayo ina mlango wake wa kukatiwa, ila ni mwembamba. Kitabu kinasema ukiegesha kwenye mteremko uweke valvu kushoto au kulia, ili mafuta yasihame kutoka bawa la juu kwenda la chini. Ushauri mzuri. Asubuhi yake rubani mwingine wa kikundi anakuja, anakagua haraka, anaruka na tangi moja huku akiamini anatumia mawili. Ndege ya kuchangia ina hatari hii kuliko ya mtu mmoja.

Valvu yenyewe, na mkono unaoifikia

Tarehe 12 Oktoba 1997 mwanamuziki John Denver alianguka na ndege yake ndogo aina ya Long-EZ katika ghuba ya Monterey, California. Ndege ile ilikuwa imeundwa na mtu binafsi, na aliyeiunda aliiweka valvu ya mafuta nyuma ya bega la kushoto la rubani, bila alama za kuonyesha upande upi ni upi. Ili kuifikia ilibidi rubani ajipinde mwili mzima. Uchunguzi wa NTSB uliona kwamba alipojaribu kubadilisha tangi alipoteza udhibiti wa ndege. Kabla ya kuruka aliulizwa kama ajaziwe mafuta, akakataa, akasema anaruka kwa muda mfupi tu.

Ninaileta hadithi hii kwa sababu mahali pa valvu hapaandikwi kwenye matangazo ya kuuza ndege. Kwenye Cessna iko sakafuni katikati. Aliye kushoto anaifikia, aliye kulia anaifikia. Kwenye Warrior iko chini upande wa kushoto, karibu na goti la rubani. Mkufunzi aliyekaa kulia haioni vizuri na hawezi kuigusa bila kumlalia mwanafunzi. Ukiwa unanunua ndege ya kufundishia, hili peke yake lina uzito. Piper walijua hatari ya kuzima kwa bahati mbaya, ndiyo maana kuna kitufe kidogo ambacho lazima ukibonyeze kabla kishikio hakijaingia kwenye kuzima. Ukienda kuikagua ndege iliyotumika, hakikisha kitufe hicho kipo na kinafanya kazi, na kwamba kishikio "kinagonga" mahali pake kila upande. Kishikio kinachoteleza kama kimepakwa samli, achana nacho mpaka fundi akifungue.

Una lita ngapi, kweli?

Hapa Cessna inapoteza, na inapoteza vibaya.

Ili kuona ndani ya tangi la 172 lazima upande. Kuna kidaraja kidogo cha kukanyagia kwenye nguzo ya bawa, kuna mpini wa kushika, na kuna shati jeupe la rubani lenye mikono iliyopigwa pasi. Jua la saa saba, bati la bawa linaunguza. Wengi wanatazama geji, wanakumbuka safari ya jana, wanapiga hesabu kichwani. Geji za ndege hizi za zamani ni kijiti cha kuelea na waya. Zinacheza, zinakwama, na marubani wa kila taifa wameshakubaliana kutoziamini. Kwenye Warrior mifuniko ya tangi iko usawa wa kiuno. Unafungua, unachungulia, umeona. Hata mvivu anaona.

Tena Warrior ina kibati kidogo ndani ya mdomo wa tangi. Mafuta yakigusa ncha ya chini ya kibati, una lita 64 zinazotumika upande huo, yaani kama 129 kwa matangi yote mawili. Ni alama ya maana sana ukiwa na watu wanne na hutaki kuzidisha uzito: unamwambia mjaza mafuta "mpaka kwenye kibati" na hakuna kubishana. Kwenye 172 yenye matangi ya kawaida, kiwango cha katikati kinategemea kijiti chako cha kupimia, na vijiti vya kupimia hupotea.

Halafu kuna mteremko. "Fulu tangi, Kapteni?" anauliza kijana wa mafuta, na wewe unajibu fulu. Anajaza la kushoto mpaka linamwagika, anahamia la kulia. Kama ndege imelala upande mmoja na valvu iko kwenye "yote mawili", wakati anajaza la pili mafuta ya la kwanza yanahama taratibu. Anafunga, unalipa, unaondoka na ndege ambayo kwenye karatasi imejaa lakini kweli imepungua lita kumi na tano. Chukulia injini inakunywa lita 34 kwa saa: lita 15 ni dakika 26. Kanuni za kimataifa zinataka ubaki na akiba ya dakika 30 ukiruka mchana kwa kuona, na 45 usiku. Kwa hiyo karibu akiba yako yote ya mchana imebaki kwenye lami, na hakuna aliyekosea jambo kubwa.

Warrior haina tatizo hilo la kuhamishana kwa sababu matangi yake hayakutani popote isipokuwa kwenye valvu. Lakini nayo ikiegeshwa kwenye mteremko, tangi la upande mmoja litaonekana limejaa kabla halijajaa.

Vipimo pia vinachanganya watu wa kwetu. Kitabu na geji vinasema galoni za Kimarekani, lita 3.785 kila moja. Pampu inauza lita. Mzee aliyejifunzia kwa Waingereza anafikiria galoni ya lita 4.546. Kikundi kikubaliane kutumia lita tu na kibandike jedwali dogo ndani ya ndege.

Maji, nyigu, na mafuta yasiyo yake

Maji huingia kwenye tangi kwa umande wa usiku ndani ya tangi lisilojaa, kwa mvua kupita kwenye mfuniko, au kutoka kwenye pipa. Cessna nyingi za zamani zina mifuniko iliyolala sawa na bawa, ndani ya kishimo. Mvua ikinyesha kishimo kinajaa, na raba ya mfuniko ikiwa imekauka, maji yanashuka moja kwa moja. Kwa pwani yenye masika ya kweli, badilisha raba hizo hata kama fundi anasema bado. Ndege zote mbili zina vitoleo vya sampuli chini ya kila tangi na kwenye chujio. Avgas 100LL, yaani petroli ya ndege hizi, ni ya buluu. Maji hukaa chini ya kikombe na kutengeneza mstari. Kikombe chote kikiwa hakina rangi na hakina mstari, kinuse kabla hujafurahi, kwani huenda umeteka maji matupu.

Nyigu ni adui wa kimya. Wale wanaojenga kwa udongo wanapenda tundu lolote la upana wa penseli. 172 hupumulia kwa kipumulio kilicho chini ya bawa la kushoto, karibu na nguzo. Kikiziba, mafuta yanapungua bila hewa kuingia kuchukua nafasi yake, na mwisho hayashuki tena. Warrior ina kipumulio chini ya kila bawa, na kwa kuwa bawa liko chini lazima uiname. Kwa hiyo kila ndege ina kitu chake cha kukuvunja mgongo: moja uipande, nyingine uiinamie.

Hatari ya kuwekewa mafuta ya jeti ni sawa kwa zote mbili, lakini kwetu ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ndege nyingi za abiria wa mbugani na visiwani ni Caravan na zinatumia Jet A-1, hivyo mkono wa mjaza mafuta umezoea bomba hilo siku nzima. Mwaka 2014 huko Las Cruces, New Mexico, Cessna 421 ya kubeba wagonjwa iliwekewa Jet A badala ya avgas; ilianguka muda mfupi baada ya kuruka na wote wanne wakafa. Ubaya wa mchanganyiko ni kwamba injini huwaka vizuri ardhini kwa avgas iliyobaki kwenye mabomba. Simama pale wakati wa kujaza. Angalia maandishi kwenye bomba, soma risiti, na ukiwa na shaka dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe: avgas inayeyuka na kuacha pakavu, mafuta ya jeti yanaacha duara la grisi.

Mkono mwekundu na barafu ya Dar

Mikscha, yaani uwiano wa mafuta na hewa unaopangwa kwa mkono mwekundu, ndiyo sehemu ambayo ndege hizi zinafanana zaidi na marubani wanatofautiana zaidi. Jedwali la safari kwenye kitabu linatoa kiasi cha mafuta kwa saa likichukulia kwamba umevuta mkono mwekundu na kupunguza mafuta kama inavyotakiwa. Ukiuacha mbele kabisa safari nzima kwa kuogopa kuunguza injini, O-320 inaweza kunywa lita 38 badala ya 32. Kwa saa nne hizo ni lita 24 zaidi, dakika 45 za kuruka. Warrior yenye lita 182 itakusamehe. 172N yenye 151 huenda isikusamehe.

Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Hapo mikscha ikiwa mbele yote kama ulivyozoea Mombasa, injini inalowa petroli na haitoi nguvu yake hata iliyobaki. Kitabu cha Cessna kinaelekeza kwamba juu ya futi 3,000 upunguze mikscha kabla ya kuruka mpaka mizunguko ifike juu kabisa. Safari ya kinyume ina mtego wake: umeivuta vizuri ukiwa juu ya Tsavo, unashuka kwenda pwani, hewa inazidi kuwa nzito, na usiporudisha mkono mbele taratibu injini inaanza kukohoa ukiwa unaiona bahari.

Kuhusu barafu ndani ya kabureta, watu wa pwani hucheka. Nyuzi 28, watu wanavuja jasho, barafu itoke wapi? Lakini petroli inapogeuka mvuke na hewa inapobanwa kwenye kabureta, joto linaweza kushuka kwa zaidi ya nyuzi 30 papo hapo, na hewa ya Dar ina unyevu wa kutosha kuganda. Hatari ni kubwa zaidi ukirudisha nguvu nyuma kushuka. Vitabu viwili vinatofautiana hapa: Cessna wanasema weka joto la kabureta kabla ya kupunguza nguvu, Piper wanasema si lazima kama huoni dalili. Rubani anayehama kutoka Warrior kwenda 172 hubeba desturi ya Piper bila kujua. Kwa mtu wa pwani ningependa desturi ya Cessna katika ndege zote mbili.

Injini si pacha kamili

Zote zinaitwa O-320 lakini herufi za mwisho zina maana. H2AD ya 172N ina sifa mbaya ya kula mhimili wa kamu (ule unaofungua vali za injini), hasa ikikaa muda mrefu bila kuruka, na kuna agizo la usalama linalolazimisha kuongeza dawa maalumu kwenye oili. Pia magneto zake mbili, vifaa vinavyotoa cheche za kuwasha mafuta, zimo kwenye boksi moja na zinaendeshwa kwa mhimili mmoja. Mhimili ukikatika, zote zinakwenda. D3G ya Warrior ina magneto mbili zinazojitegemea. Kama moyo wako uko kwenye Cessna, tafuta 172P, ya kuanzia mwaka 1981, ambayo ilihamia kwenye injini ya O-320-D2J na kuondokana na balaa hilo.

Ikishazima

Bila injini, 172 inaelea kama maili moja na nusu za baharini kwa kila futi 1,000, na Warrior haiko mbali na hapo. Warrior inataka kasi zaidi ya kuelea, na matangi yake yako kwenye mabawa yanayopita usawa wa visiki na vichuguu. 172 ina milango miwili ya kutokea. Warrior ina mmoja, kulia, na rubani ndiye wa mwisho kutoka. Baharini hadithi inabadilika: bawa la chini hukaa juu ya maji na kukupa pa kusimama, ilhali la juu linazamisha kibanda chini yake.

Kwa anayevuka kwenda Unguja, ndege yoyote kati ya hizi inataka njia ya busara. Ukikata moja kwa moja kutoka Dar ukiwa futi 3,000, kuna kipande kirefu ambacho hufiki nchi kavu popote. Ukipanda kwanza hadi futi 7,000 na kuvukia upande wa Bagamoyo ambako mlango wa bahari ni mwembamba, unakaribia kuwa na ardhi ya kufikia muda wote, upepo ukiruhusu. Inakula dakika chache za mafuta. Zihesabu.

Na ile inayotumia Jet A-1?

Kuna watakaosema achana na zote, nunua Diamond DA40 NG. Injini yake ya Austro inatumia Jet A-1, inayopatikana pengi ambako avgas haipatikani, haina kabureta wala mkono mwekundu, na inakunywa kidogo. Kwa anayeruka sana viwanja vya ndani hoja hiyo ina nguvu kuliko yote niliyoandika hapo juu. Lakini nayo inataka uhamishe mafuta kwa swichi kutoka tangi la kulia kwenda la kushoto, na injini inaendeshwa na kompyuta zinazohitaji umeme. Mwaka 2007 huko Speyer, Ujerumani, DA42 ya injini mbili iliwashwa kwa umeme wa nje kwa sababu betri ilikuwa imeisha. Ilipopandisha magurudumu umeme ulishuka, kompyuta zikajiwasha upya, na injini zote mbili zikazima. Injini zile zilikuwa za Thielert, si Austro, lakini betri dhaifu kwenye ndege ya aina hii ni habari ya kuizuia isiruke. Na bei yake iko daraja jingine kabisa.

Ningempa nani ipi

Shule, au kikundi chenye marubani wanaoruka mara moja kwa miezi miwili: Cessna, tena 172P. Valvu inafikiwa na wote na mtu anayesahau anasamehewa. Sharti langu ni moja, ngazi ndogo ibaki kwenye kibanda cha ndege na kijiti cha kupimia kifungwe kwa mnyororo.

Mtu mmoja anayeruka kila wiki, anayependa safari ndefu na ana saa ya mkononi anayoitii: Warrior. Lita 30 za ziada si mzaha, injini ni bora, na kuchungulia tangi hakuchukui hata dakika. Aweke kengele ya kubadilisha tangi kila nusu saa, na kila mara awashe pampu ya umeme kwanza, abadilishe, asubiri presha itulie, ndipo azime.

Mtu wa haraka haraka, anayejibu simu huku anakagua ndege? Huyo kwangu bado hajafika kwenye swali la ipi.

Ukishaichagua, kabla ya kumaliza kulipa mwambie fundi atoe mafuta yote yanayotumika, kisha ajaze lita kumi kumi ndege ikiwa imekaa sawa kwenye sakafu bapa, na kila kumi mchore alama kwenye kijiti kipya cha mbao na kuandika geji inasema nini. Inachukua asubuhi moja. Mwenye ndege akikataa, uliza kwa nini.